Ini la Chewa

Kalunde,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naiona dirishani, uko hapo uani unakunja nguo na kuzikunjua tena, na begi halijai wala halifungi. Mimi ni mzima, magoti ni yaleyale. Basi salamu zimekwisha.

Anayeandika ni Zaituni fundi cherehani, kwa sababu unajua bibi yako shule aliiona kwa nje tu, akipita na ndoo kichwani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Ukikuta mahali pamenyooka sana, hapo ni Zaituni, si mimi. Tumekaa chumbani kwake na wewe umeambiwa napimwa gauni. Gauni hakuna.

Usiifungue kabla treni haijapita Kigwa. Ukiifungua stesheni utashuka, nakujua, na mimi nikikuona umeshuka nitafurahi, na hiyo furaha ndiyo siitaki.

Mambo ya kila siku sikuambii. Kufua unajua, kupika unajua, watu wa Bagamoyo wakoje utawaona mwenyewe kwa macho yako. Kazi yenyewe unaijua kuliko mimi. Wamekuchukua hotelini kulisha samaki wakali wa baharini walio kwenye vioo, na siku ile ulipokuwa unawaeleza kwenye simu jinsi ya kumzoesha samaki wa namna hiyo kula nyama isiyo na roho, nilikuwa nyuma ya mlango. Niliyasikia maneno yangu yakitoka kinywani mwako, yamevaa Kiswahili kizuri kuliko changu. Nikaenda kusimama karibu na pipa la maji mpaka nikatulia.

Ninachotaka kusema ni lile uliloniambia Jumapili. Tulikuwa tunachambua mlenda, mimi na wewe, mke mwenzangu, kila mtu na ungo wake. Ukasema, "Bibi, usiwe na wasiwasi. Nikifika huko sitakuomba kitu. Hata nikilala njaa, hutasikia."

Ulisema kwa kujivuna, kama mtu anayetoa zawadi. Ukanitazama uone nimefurahi. Na mimi nikajibu, "Vizuri, mama." Tangu Jumapili hilo neno vizuri limenikaa kooni, silimezi wala silitemi.

Najua ulikolitoa. Umelitoa kwangu. Sasa nianze na samaki, maana huko ndiko nilikoharibikia.

Mzee Nasoro, Mungu amrehemu, alizaliwa hapahapa Tabora mjini, na baba yake alizaliwa hapahapa. Lakini akisema "kwetu" alikuwa anasema Maskati, na akisema Maskati alikuwa anasema bahari. Bahari yenyewe aliiona akienda Dar kufuata mali ya duka, basi. Mimi nilikuwa mpishi wake, wewe bado hujazaliwa. Sukari ilipomkalisha kitini, wanawe wakaona wamletee bahari ndani. Likaja tangi la kioo, refu kama kitanda, likawekwa sebuleni na mashine yake ya kuzungusha maji, na jenereta ya siku umeme ukikatika. Chumvi ya kuchanganyia ilikuja kwenye ndoo kutoka Dar. Ilipokwisha mara moja tukataka kutia chumvi ya Uvinza, si ni chumvi, na Salimu, mpwa wake Mzee aliyekuwa akiwaleta hao samaki, alipiga kelele kwenye simu mpaka Mzee akaiweka mbali na sikio.

Samaki walikuwa wachache, kwa sababu wale hawakai wengi. Aliye mdogo kuliko mdomo wa mwenzake ni chakula. Alikuwepo mmoja mwenye miba mirefu kama manyoya ya jogoo, mzuri kumtazama, na miba yenyewe ina sumu. Na alikuwepo chewa.

Chewa yule alikuwa wa kahawia na madoa, midomo minene, amenuna kama mtu aliyenyimwa urithi. Alinijua. Akipita Mzee, kimya. Wakipita wageni, kimya. Nikitoka jikoni mimi na bakuli, anakuja mpaka kwenye kioo, rangi inambadilika, na macho yake yananifuata niendako, moja huku, jingine huku.

Salimu alinifundisha vizuri, simsingizii. Alisema walishwe mara mbili kwa wiki, basi. Chakula kiwe cha baharini tu: kamba wadogo, ngisi, vipande vya samaki wa huko, vilivyokuwa vikija na barafu na kukaa kwenye friza. Kikilainika unakichoma kwenye kijiti cha mshikaki, unakichezesha mbele ya mdomo kionekane kina uhai, na makombo unayatoa kabla maji hayajaoza. Akasema samaki hawa kwao hukaa wamejificha kwenye mawe wakivizia. Leo wamepata, kesho wamekosa, na miili yao imeumbwa kwa maisha hayo. Ukimpa kila akitaka, unamwua.

Nikamwitikia. Alipopanda treni nikafanya ninavyojua mimi.

Kalunde, mimi nimelelewa Isikizya kabla hapajawa na hizo ofisi zao za wilaya. Kwa mama yangu ugali haukusongwa kwa kuhesabu watu wa nyumbani. Unasongwa na wa mtu asiyejulikana, unafunikwa kwa ungo pembeni, kwa sababu njia ya zamani ya misafara ilipita karibu na mlango na watu hawakuacha kupita hata misafara yenyewe ilipokwisha. Ukila huku mtu anakutazama, umefanya kosa ambalo halina jina, halina jina kwa kuwa hakuna aliyelifanya. Sasa niwekewe kiumbe chenye macho, kinanitazama nikikata nyama, niambiwe nisimpe mpaka Alhamisi?

Nilimpa kila siku. Nilimpa perege wa bwawa la Igombe, wadogo, wazima, wanarukaruka. Nilimpa dagaa wa Kigoma waliolowekwa. Nilimpa maini ya kuku. Anafungua mdomo, kitu hakipo. Anarudi kwenye kioo, ananitazama. Nampa tena. Mzee Nasoro alikuwa anacheka, anasema huyo bahari ameshaisahau, sasa ni Mnyamwezi, bado kumtafutia mke tu. Tumbo likajaa, na mimi nikajivunia lile tumbo kama nimelizaa.

Kisha akaanza kulala kwa ubavu. Chakula hataki. Nikazidi kumsogezea ini mdomoni, kidogo tu, baba, onja. Asubuhi moja nikamkuta juu ya maji.

Salimu alipokuja alimweka kwenye ubao wangu wa kukatia, akampasua kwa kisu changu. Akalitoa ini akaliweka kwenye sahani. Lilikuwa kubwa, la manjano, linateleza vidoleni kama mafuta ya mkia wa kondoo. Nimechinja vitu vingi maishani lakini ini kama lile sikupata kuliona. Salimu hakupandisha sauti. Alisema, "Bibi, huyu hakufa njaa. Huyu ameuawa na huruma." Akaeleza habari ya mafuta ya kuku na ya samaki wa maji baridi, kwamba mwili wa chewa haujui pa kuyapeleka, lakini mimi nilikuwa nimebaki palepale kwenye lile neno la kwanza. Mzee Nasoro alikuwa anatazama dirishani. Afadhali angenigombeza.

Wakaja samaki wengine, na safari hii nikawa askari. Yule wa miba, aliyebaki, alikataa chakula kilichokufa, alitaka kitu kinachoogelea. Nikakataa na mimi. Siku nyingi hakula, na kila siku nilikaa na kijiti changu nikichezesha kamba mbele yake, taratibu, na kumwondolea. Hiyo ndiyo miaka uliyokuwa ukitoka shule unapitia kwa Mzee, unakaa kwenye zulia na daftari lako. Ulikuwepo siku alipoinama, akatanua ile miba yote, akakichukua. Tulipiga vigelegele wawili, Mzee akaamka usingizini akauliza nani kaolewa.

Basi nikawa na jina. Wageni wakija Mzee anawaonyesha samaki, kisha ananionyesha mimi. Anasema, "Huyu mama anajua kunyima." Na mimi nilipenda. Nitakuambia ukweli, hakuna sifa niliyoipenda maishani kama ile. Mtu ambaye hakusoma akisifiwa kuwa ana akili, sifa hiyo anaishika kwa mikono miwili, anakwenda nayo hata mahali isipohusika.

Ndipo baba yako akaja.

Ulikuwepo. Hatujawahi kusema juu ya siku ile, mimi na wewe, lakini ulikuwepo na hukuwa mdogo kiasi cha kusahau. Mama yako alikuwa ameshatangulia, wewe unakaa kwangu kwa ajili ya shule, na yeye Ramadhani, mwanangu, alikuwa Bukene analima mpunga. Mvua ya mwaka ule ilikataa. Alishuka kwenye treni asubuhi, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Kola ya shati ilikuwa imemwachia shingo. Sisi tulikuwa tunakula kwenye mkeka. Akaniamkia kama mtoto anavyomwamkia mama yake, "Mwangaluka, mayu," akakaa kwenye ngazi, hakuingia ndani.

Alizungumza kwanza habari za Bukene, nani amehama, nani ameuza ng'ombe. Mimi nikimsubiri. Halafu akasema, "Mayu, naomba nikae hapa mpaka mvua. Nitalala stoo. Nitakula mnachokula."

Na mimi, yule mama anayejua kunyima, nikasema, "Nimekulisha mpaka ini lako limekuwa la mafuta. Rudi ukatafute. Hata samaki anatafuta."

Akacheka. Alidhani ni utani. Akauliza, samaki gani tena, mayu? Mimi sikucheka. Akaniangalia usoni, akaangalia tena, akaona.

Wewe ulikuwa na tonge mkononi. Ukaliweka. Ukaisukuma sahani yako kwa kidole mpaka ukingoni mwa mkeka, upande alipokaa yeye. Nikanyoosha mikono nikairudisha sahani mbele yako. Kwa mikono hii, Kalunde, si ya mtu mwingine. Baba yako aliiona sahani ikienda na akaiona ikirudi. Akasimama, akakugusa kichwani, akakuambia usome, akaenda.

Usiku ule wewe hukula na mimi nililala vizuri. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Nililala nikijiona mtu mzima mwenye msimamo.

Nilichelewa sana kufikiri jambo dogo ambalo halihitaji shule. Chewa anaomba kila siku, ameshiba anaomba, tumbo linapasuka anaomba. Ndiyo tabia yake, ukimnyima hujamkosea. Ramadhani hakuwa muombaji. Tangu utoto. Alikuwa mtoto wa kukaa na kiu mpaka aone mtu mwingine anakwenda kisimani. Mtu wa namna hiyo akikaa kwenye ngazi yako akasema naomba, kitu kimemfika. Anasema baada ya kumaliza njia nyingine zote, na nina hakika kwenye ile treni alikuwa akiyapanga yale maneno tangu Bukene. Na mimi ninayejua jicho la samaki anayeigiza njaa sikuijua njaa ya mwanangu, imekaa mbele yangu imevaa shati.

Zaituni ameacha kuandika. Anasema sindano imemchoma. Sindano haipo hapa. Endelea, mwanangu.

Unajua yaliyofuata, maana wewe ndiye uliyekuwa unabeba salamu. Akaenda Mpanda, akapata kazi ya kupakia mizigo, akapata na shamba. Anakupigia simu wewe. Mwisho wa mazungumzo anasema mpe bibi shikamoo, wewe unageuka unasema baba anakuamkia, mimi nasema marahaba, unairudisha. Tumeishi hivyo kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Alipoangukiwa na gunia akavunjika mguu, alilala kwa watu na kunyweshwa uji na watu, na mimi nikapata habari kwa mwanamke muuza dagaa atokaye huko, mguu umeshaunga. Nikampigia mwenyewe, hujawahi kujua hilo, ulikuwa shule. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema kwa upole, bila hata chembe ya hasira, "Mayu, mimi nilishakuelewa."

Angenitukana ningepata pa kushika.

Nikimpelekea asali anashukuru, na wiki haiishi anarudisha mchele. Nikimpelekea matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, unakuja unga. Hakubali kulala na kitu changu bila kukilipa. Nilimfundisha siku moja tu, na somo limeingia kuliko yote niliyomfundisha miaka yote.

Sasa nageuka nakutazama wewe, na naona mdomo uleule. Ulipougua malaria bwenini ulirudi nyumbani umeshapona, ukasema hukutaka kunisumbua. Viatu vilipokubana ulivikata nyuma ukavivaa kama ndala. Nami nilikuwa nakusifia kwa majirani, Kalunde wangu hana usumbufu, Kalunde wangu haombi. Nilikuwa natangaza kidonda kama shanga. Mtoto aliyeona sahani ikirudishwa, ataomba kwa nani?

Huko kazini uwe mkali kama nilivyokufundisha. Nisikusikie umemhurumia samaki. Akija kwenye kioo na macho yake, mtazame, mwambie shikamoo ukitaka, na siku yake isipofika usimpe. Perege usimpe. Ini la kuku usimpe hata kama mkubwa wako hayupo na mnyama amekonda machoni pako. Hilo nililijua kwa kuua, wewe lijue bure. Lakini ukishaosha mikono na kutoka pale, akili hiyo iache mlangoni. Haikutengenezwa kwa ajili ya watu. Mimi niliivaa nikatoka nayo barabarani mpaka nyumbani, na hakuna aliyeniambia, maana wote walikuwa wananisifu.

Sijui kama baba yako atarudi kukaa kwenye ngazi ile. Mwaka huu nimemwomba. Nilimpigia kabla ya mfungo nikasema, "Rama, naomba uje." Sikusema njoo, nilisema naomba. Nikasikia kuku wa kwake. Kisha akasema ataangalia kazi. Sijui maana yake nini. Naendelea kusonga ugali wa mtu mmoja zaidi na kuufunika, na asubuhi nawapa kuku. Wewe ulidhani nimesahau kupima unga kwa uzee.

Kwa hiyo ile ahadi ya Jumapili naikataa. Nimekurudishia. Sitaki mjukuu anayelala njaa Bagamoyo kwa heshima yangu. Ukifukuzwa kazi, rudi. Ukirudi bila begi, rudi. Ukirudi na tumbo, sitauliza kwanza, nitauliza baadaye na nitauliza kwa sauti kubwa, lakini utakuwa umeshakula. Ukiona haya ya kurudi mchana, shuka hata na treni ya usiku.

Najua maneno haya hayatoshi. Mtu hafunguki mdomo kwa kuandikiwa barua, hata samaki wa miba hakula siku ya kwanza. Ndiyo maana nataka tuanze na jambo dogo. Ukifika utanipigia. Utataka kusema umefika salama, chumba ni kizuri, watu ni wema, bibi usijali. Hayo yaweke kando kwanza. Kabla ya salamu, kabla ya kitu chochote, niombe kitu. Hata usichokihitaji. Hata kinachouzwa hapo mlangoni pa hoteli kwa wingi kuliko kwetu. Utaona ugumu wake, ulimi utakuwa mzito, utataka kucheka ulifanye utani. Usicheke. Mimi nitakuwa nimekaa, simu iko mkononi, nimemkataza Zaituni asiniletee maneno siku hiyo.

Useme, "Bibi, naomba." Halafu unyamaze, unisikie ninavyojibu.

Bibi yako,
Nyamizi